Wanjira Nthiga, Pua ya Chumba cha Vanishi

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi mitano ya kazi, Bi. Wanjira Nthiga anastaafu kutoka Karakana ya Samani ya Muringa, hapa Meru, siku ya Ijumaa tarehe 27 Juni 2025. Aliingia Januari 1994 kama mtu wa kusugua mbao kwa msasa. Anaondoka akiwa msimamizi wa chumba cha vanishi. Ukiacha likizo za uzazi, hajakosa kazi hata siku kumi.

Kamati ya sherehe ilinipa mimi wa stoo kazi ya kuandika wasifu huu, kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka. Sifa za Bi. Wanjira, ambaye wengi tunamwita Mama Ireri, si ngumu kuandika. Ugumu ni kwamba nimemwonea wivu mama huyu kwa miaka mingi, na wakongwe wa karakana wanajua, kwa hiyo ni afadhali niseme mwenyewe mapema. Sikuuonea wivu mshahara wake wala cheo. Marehemu mume wangu, Kaimenyi, alifanya kazi chini yake, na mimi niliamini kwamba alimsikiliza yeye kuliko alivyonisikiliza mimi. Wasifu ni wake, lakini utapita nyumbani kwangu mara mbili tatu, kwa sababu yeye mwenyewe alipita huko.

Bi. Wanjira alizaliwa na kuolewa upande wa Ishiara, kule Mbeere, ambako jua hupasua hata kibao cha kukatia mboga. Kule dirisha ni la kuingiza upepo. Huku kwetu dirisha ni la kuzuia baridi. Msimu wake wa kwanza wa ukungu alifungua dirisha la karakana asubuhi, na fundi Mutwiri, aliyekuwa mkubwa wetu, akalifunga. Akalifungua. Likafungwa. Walimwambia amekuja na Ishiara mgongoni. Alijibu kwamba kama angekuja nayo, wangekuwa wameshapata joto na kuacha kelele.

Kwa wageni watakaosoma programu hii, nieleze kidogo kuhusu chumba chenyewe. Vanishi huchanganywa na thina ili iwe nyepesi ya kupuliza. Inapokauka, ile thina haiishi. Inatoka kwenye mbao na kuingia hewani, na kutoka hewani inamwingia yeyote aliye karibu. Gundi ni hivyo hivyo, na rangi, na zile mbao za kubandikwa zinazokuja zikiwa tayari. Sisi tulijua tu kwamba ni harufu ya kazi. Mtu akirudi nyumbani bila harufu hiyo, mkewe angeuliza alikuwa wapi.

Sasa, Julai kwetu ni mwezi wa ukungu, na vanishi haipendani na unyevu. Ukiipuliza siku ya ukungu, inaota weupe kama maziwa yaliyomwagika, na kabati la mteja linaharibika. Kwa hiyo mafundi wetu walikuwa na desturi yao. Julai ikiingia, madirisha yote ya chumba cha vanishi yanafungwa, na magunia yanasokotwa chini ya mlango. Tulikuwa tunazilinda mbao. Fundi wa Ishiara hangefanya kosa hilo hata kwa bahati mbaya, maana ukungu wenyewe angeuona wapi?

Mwaka 2013 tulipata oda ya makabati ya mabweni ya shule, na ilikuwa Julai. Bi. Wanjira alikuwa ameenda kwao siku mbili kwa mazishi ya shangazi yake. Aliporudi Jumatano saa nne asubuhi, alisikia wimbo wa kanisa ukitoka chumba cha vanishi kwa sauti tano, tena sauti nzuri. Alifungua mlango kwa kusukuma gunia. Ndani wanaume watano walikuwa na furaha kuliko siku ya harusi. Kaimenyi alikuwa anapaka mlango wa kabati ambao alikuwa ameshaupaka mara tatu, na mlango wa pili, ndugu yake, umeegemea ukuta, haujapakwa hata mara moja.

Aliwauliza kama kuna harufu. Wote walisema hakuna. Mutwiri aliongeza kwamba thina ya wiki hiyo ilikuwa nzuri sana, haina harufu kabisa.

"Harufu iko mpaka inanitoa machozi hapa mlangoni," akawaambia. "Nyinyi mmeacha kuisikia. Tokeni, mmoja mmoja, mwache na brashi."

Walitoka wakicheka. Walipofika kwenye ua, hewa safi ikawageukia. Wawili walitapika kando ya uzio, Mutwiri alilala juu ya rundo la mbao hadi chakula cha mchana, na Kaimenyi aliletwa kwangu stoo akishikwa mkono, akinieleza kwa upole kwamba mimi ni wawili. Madirisha yalifunguliwa. Makabati kumi na moja yakaota weupe.

Bwana Mwirigi, meneja wetu, alikasirika, na hakuna aliyemlaumu, kwa maana mwenye shule alikuwa anapiga simu kila siku. Bi. Wanjira alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba kabati likiharibika anaweza kulisugua kwa msasa na kulipuliza upya, ila msasa wa mapafu ya Mutwiri hajui unauzwa duka gani. Jumamosi hiyo alikuja na wenzake watatu, wakayasugua makabati yote kumi na moja. Oda ilichelewa siku nne.

Siku hiyo ndipo ilipoanza sheria ambayo sasa mafundi wote wanaijua: aliye ndani haulizwi. Pua ikikaa na kitu, inakizoea na kunyamaza. Kwa hiyo kila saa moja mtu kutoka nje huitwa, anasimama mlangoni, anavuta pumzi mara moja, anasema. Akisema ni nzito, kazi inasimama hata kama walio ndani wanaapa hawasikii kitu. Jina lake na saa vinaandikwa kwa chaki kwenye mlango. Tulimwita "pua ya leo". Kinya wa jikoni aliitwa, mlinzi aliitwa, wateja waliitwa. Gedi, dereva wa lori anayetuletea mbao kupitia Maua, aliitwa siku moja kabla hata hajazima injini. Alilalamika kwamba alitumwa kuleta mbao, hakuambiwa alete na pua. Hata hivyo alisimama, akanusa, na tangu hapo akija huuliza kama anahitajika.

Bi. Wanjira pia alibadilisha saa za kupuliza. Siku za ukungu, asubuhi ni ya msasa peke yake. Kupuliza ni kuanzia saa tano hadi saa tisa, ukungu unapopanda, feni ikivuta hewa kwenda nje na madirisha ya upande wa chini yakiwa wazi. Tulidhani oda zitachelewa. Mwaka uliofuata, Julai, hatukurudia kabati hata moja.

Mimi sikuitwa kuwa pua. Nilikaa stoo, hatua kumi kutoka mlango ule, na kila siku nilisoma majina ya chaki. Hata fundi wa baiskeli aliyekuja kuomba maji aliandikwa. Mimi, mke wa Kaimenyi, sikuandikwa mwaka huo, wala uliofuata, wala uliofuata tena. Nilijiambia mama huyu hanipendi. Nilianza kumpa msasa wake mwisho, baada ya wengine wote, na yeye alishukuru kila mara kana kwamba amepewa wa kwanza. Hilo nalo liliniudhi.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kaimenyi alikuwa na maumivu ya kichwa yaliyoanza kila Jumatatu alasiri na kuisha Jumapili baada ya ibada. Nilimwambia kichwa chake kinajua kalenda. Nilihesabu Jumapili hizo kwa mwaka mzima, nikamwambia aondoke chumba kile. Alisema kinachomuumiza kichwa ni redio yangu. Halafu jioni moja mwaka 2014 alirudi, akaketi, akavua viatu, akasema kwamba Mama Ireri amemshauri aache vanishi, kwa maana mtu anayepona kila Jumapili haumwi na Jumapili, anaumwa na kazi. Alilisema kama jambo jipya. Jioni hiyo nilimpa githeri ya mahindi na maharagwe bila parachichi, na parachichi lilikuwa mezani, analiona.

Alihamishwa kwenye banda la wazi, akawa anafunga bawaba na vitasa. Kichwa kikapona kabla mwezi haujaisha. Niseme ukweli, nilifurahi na nilichukia kwa wakati mmoja. Baada ya hapo jina la Mama Ireri liliingia nyumbani kwetu kila jioni kabla ya koti la mume wangu. Mama Ireri amesema tufungue dirisha la chumba cha kulala hata kama ni baridi. Mama Ireri amesema godoro jipya likae siku mbili barazani. Tulipopaka rangi kabla ya Pasaka, familia nzima ililala sebuleni siku tatu, kwa sababu Mama Ireri amesema rangi mpya ilale peke yake kwanza. Mama mkwe wangu aliniuliza huyo Mama Ireri ni nani katika ukoo wetu. Nikamwambia aulize mwanawe.

Mwaka 2016 alitutembelea afisa wa usalama kazini, Bi. Sheila, kutoka Embu, akiwa na kifaa kidogo kama redio ya mfukoni. Alitueleza kwamba katika vanishi, gundi na rangi kuna kemikali ambazo hugeuka mvuke zenyewe, bila hata kuwekwa motoni, na kwamba kifaa kile huzihesabu hewani. Kilianza kwa kulia karibu na fundi Muthomi, ambaye hakuwa ameshika vanishi siku hiyo. Ilikuwa marashi yake. Alikuwa na miadi jioni. Muthomi ameoa sasa na anaruhusu hadithi hii isimuliwe.

Chumba cha vanishi kilipimwa na kifaa kikatulia. Bi. Sheila alishangaa, akauliza tumewekewa mtambo gani. Alionyeshwa mlango wenye chaki. Kisha akaingia stoo kwangu, na kifaa kikalia mfululizo hadi akakizima. Nilikuwa na makopo arobaini ya thina nyuma ya kiti changu, mengine vifuniko vimelegea, na dirisha moja dogo ambalo nilikuwa nimeliziba kwa katoni kwa ajili ya baridi. Nilikuwa nimekaa humo miaka tisa. Nilimwambia afisa kwamba hamna harufu.

Bi. Wanjira alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka.

"Wewe pia ni mtu wa ndani, Kagwiria," akasema. "Ningekuitaje unuse kwa wengine?"

Bwana Mwirigi ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mama huyu alikuwa ameenda ofisini kwake mara tatu kuhusu stoo yangu, na kwamba mara ya tatu aliketi na kukataa chai. Stoo mpya ilijengwa nyuma, ya matofali hadi kiunoni na wavu juu. Thina ina kibanda chake peke yake. Nilikuwa nimemnunia mtu aliyekuwa akinipigania. Unadhani wivu uliisha? Haukuisha. Ulipata aibu kidogo, ukakaa kimya.

Kuna mengine ambayo lazima yaandikwe. Amefundisha mafundi kumi na wanne, na watatu kati yao sasa wana karakana zao. Mafundi wa Embu wamekuja mara mbili kuuona mlango wa chaki. Hajawahi kumwita fundi mjinga mbele ya mteja. Anajua kusema "songa" kwa Kimeru, Kiembu, Kimbeere na Kiswahili, na kwa mkono. Kikombe chake cha chai ni kilekile cha bati la buluu, na mwaka huu mpini wake umefungwa waya kwa mara ya nne.

Kaimenyi alitutoka Agosti mwaka jana, kwa ugonjwa wa figo uliokuja upesi. Alikuwa amepata miaka kumi ya kichwa chepesi. Karakana ilimtengenezea jeneza la mbao za muringa, na Bi. Wanjira alikataa lipakwe vanishi. Alilisugua kwa nta ya nyuki kutoka mizinga ya mume wake, Mzee Nthiga.

Mume wangu aliacha koti lake la kazi kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chetu cha kulala. Baada ya mazishi nilifunga dirisha la chumba hicho, lile tulilokuwa tukiliacha wazi kwa amri ya Mama Ireri, kwa sababu sikutaka harufu ya koti itoke. Vanishi ya zamani ilikuwa imeingia kwenye mikono yake, na sabuni, na yeye mwenyewe. Kila asubuhi nilisimama hapo. Kufikia Novemba sikusikia kitu tena. Nilidhani nimelimaliza kwa kulinusa.

Bi. Wanjira alikuja Jumamosi moja na chupa ya asali ya Ishiara. Sikumwambia nyumba inaendeleaje. Nilimwomba aingie kile chumba, asimame, anuse, aniambie kama mtu bado yupo kwenye koti lile. Aliingia. Hakuligusa. Alivuta pumzi mara moja kama tunavyofanya mlangoni, akatoka.

"Yupo," akasema. "Yupo kabisa."

Katika miaka yote sijawahi kumwonea wivu kama dakika ile. Yeye alimsikia, mimi sikumsikia, na chumba kilikuwa changu. Nafikiri aliuona uso wangu. Aliniambia nimekaa ndani sana, nitoke tukae nje. Tuliketi barazani na ungo wa maharagwe, tukachambua. Maharagwe yalikuwa mengi na mawe yalikuwa machache, na yeye hakuwa na haraka. Hapo ndipo nilipomwambia, bila kumtazama, kwamba Kaimenyi alikuwa akimsikiliza yeye kila mara.

Aliacha kuchambua. Alishangaa kwamba sikuambiwa.

"Yeye ndiye aliyeniletea hesabu ya Jumapili," akasema. "Alisema mke wake amehesabu mwaka mzima, na akaniuliza kama inaweza kuwa kweli. Nilimjibu kwamba mke wake anasema kweli. Sikusema kingine."

Kisha akaongeza kwamba mambo ya godoro na rangi mpya alimweleza kwa sababu kila wiki alikuja kuuliza jinsi ya kuifanya nyumba iwe na hewa nzuri, na kila mara alisema ni kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye thina ya stoo miaka mingi. Nilidhani ananiletea maneno ya Mama Ireri nyumbani. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikipelekwa karakana.

Ungo ulipoisha nilirudi ndani peke yangu. Saa nzima nje ilikuwa imetosha. Koti lilinipokea mlangoni, vanishi na sabuni, kama mtu aliyerudi kutoka kazini na kusimama tu hapo akingoja nimwambie habari. Nilikaa naye kidogo. Halafu nililifungua lile dirisha mwenyewe, upana wa kiganja.

Mama Ireri, karakana inakushukuru kwa kila pumzi tuliyoirudisha nyumbani ikiwa safi. Chaki tumempa Muthomi, na ameahidi kuja bila marashi. Unaenda Ishiara, kwenye nyumba ambayo madirisha yake hayajui kufungwa, kwa mzee aliyekungoja urudi kila mwisho wa mwezi kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa hilo bado nakuonea wivu, na sitaficha. Kaa naye mchana kutwa. Mzoee hadi usimsikie, kisha utoke nje kwenye mizinga, urudi umsikie tena.

Tunakuombea siku ndefu, kifua chepesi na upepo wa kwenu. Na siku ukija Meru usipitie karakana kwanza, wala usinywe chai mahali popote. Njoo kwangu moja kwa moja kutoka kwenye gari, usimame mlangoni mwa kile chumba na pua yako ya Ishiara, uvute mara moja, uniambie.

Kagwiria Kaimenyi
Stoo